Mulika Mwizi

Alhamisi alfajiri nilifungua mfereji wa bafuni, ukakohoa mara mbili, ukatema maji rangi ya strungi, ukanyamaza. Nikadhani ni mgao. Huku Buruburu, Nairobi, ratiba ya mgao tunaijua kuliko tunavyojua siku za kuzaliwa za watoto wetu. Lakini nje nikasikia shwaaa, kama mvua imeamua kunyesha kwangu peke yangu. Nikatoka na kaptura, mguu mmoja patipati yangu, mguu wa pili patipati ya Mama Brayo.

Mita ya maji haikuwepo. Pale ilipokaa palikuwa na bomba linarusha maji mpaka kwenye kamba ya nguo. Nati zake mbili zilikuwa zimewekwa juu ya tofali, moja kando ya nyingine, kama viatu vya mgeni mlangoni. Mwizi mwenye adabu. Mama Brayo akatoka na ndoo nne. Mke wangu ni mtu wa vitendo: mimi nilikuwa naapa, yeye alikuwa anakinga.

Mita za zamani ni za shaba, na shaba ina wenyewe. Ikikosekana alfajiri, saa nne iko kwenye mizani ya mtu fulani, inapimwa kwa kilo kama maini. Januari 2022 milingoti ya umeme ilianguka upande wa Embakasi, nchi ikazimika, lawama zikawaendea wezi wa vyuma, na rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Nikafurahi, nikasema sasa hata sufuria zetu zitapumua. Miezi michache baadaye marufuku ikaondolewa, biashara ikarudi na masharti mapya. Shemeji yangu akaniuliza kama mwizi ameyasoma hayo masharti. Lilikuwa swali zuri, na kwa kuwa lilitoka kwa shemeji sikulijibu.

Sasa utaniambia, Baba Brayo, wewe si una kamera? Ninazo nne. Kijana wangu Brayo alizitoa kwenye maduka ya Luthuli mjini, shilingi 28,000 pamoja na ufundi, akaniwekea na programu kwenye simu. Akaniambia, "Mzee, sasa hata ukiwa ushago unaona geti." Nikamwambia nikiwa ushago nataka kuona ng'ombe. Tangu siku hiyo sikulala. Paka wa jirani akipita ukutani: tii! Mtu ametambuliwa. Shuka likipepea: tii! Mtu ametambuliwa. Halafu jioni moja Mama Brayo akasimama pale getini nusu saa nzima akipiga soga na Mama Kevo, kamera kimya, haikuona mtu. Hilo sikumwambia, ndoa ni ndoa. Usiku ule nikaizima sauti.

Basi Brayo akairudisha nyuma video tukaitazama sote watatu mezani. Picha ni safi, siwezi kudanganya. Saa kumi kasorobo anatokea bwana mmoja amevaa reflekta ya kijani na kofia ngumu, spana kubwa begani, anatembea kama mtu aliyechelewa kazini. Haruki ukuta. Anabisha geti. Anafunguliwa. Anasalimiana na soja wetu, mlinzi wa geti, kwa mikono miwili. Wanaelekea kwenye mita, bwana anachuchumaa, anapapasa gizani, anasema jambo. Soja anaingiza mkono kwenye kabuti, anatoa kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, anawasha tochi, anammulikia.

Dakika kumi na nne. Mkono ukichoka anabadilisha.

Simu hizo za tochi hapa kwetu zinaitwa mulika mwizi, kila mtu anajua. Sijawahi kuona jina likitimia namna hii.

Nikamwita soja. Ni mtu mzima kuniliko, kwa hiyo hata hasira nilibidi niipunguze makali.

"Mzee wangu, hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasaidia, Baba Brayo. Huyo ni wa maji. Si unaona reflekta?"

"Saa kumi usiku, mzee?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu siku hizi serikali iko mkononi, inafanya kazi saa yoyote."

Nikakosa la kusema, maana hiyo ndiyo habari tuliyopewa sote. Mwisho wa Juni 2023 ilizinduliwa ile programu ya Gava Mkononi, huduma zaidi ya 5,000 ndani ya simu, usitoke nyumbani, usipange foleni. Mwezi haujaisha, wadukuzi wanaojiita Anonymous Sudan wakaishambulia eCitizen, tovuti yenye huduma hizo, ikawa ni kubonyeza na kungoja, hata kukata tiketi ya treni kukawa taabu. Lakini jina halikubadilishwa. Gava Mkononi. Mimi mkono ninaoujua ni ule wa kwenye peislipu. Katika kila 40,000, unachukua 1,100 za afya, unachukua 600 za nyumba za bei nafuu, na hapo PAYE, kodi ya mshahara, hata haijabisha hodi. Mwezi nenda mwezi rudi nalipia nyumba ya mtu nisiyemjua, na nyumba yangu mwenyewe haina mita.

Nikaenda polisi, kwa sababu wenye maji waliniambia bila abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha umeripoti, hawanipi mita nyingine. Kituo sitakitaja, nitakihitaji tena. Pale mezani pana kitabu cha OB, cha kuandikia matukio, kikubwa kama Biblia ya mimbarini, na kando yake kalamu ya bluu imefungwa kwa uzi wa katani, uzi umepigwa fundo kwenye msumari, na msumari umegongwa ukakunjwa. Niliitazama ile kalamu kwa wivu. Nairobi nzima sijaona mali iliyolindwa vile.

"Mwizi ulimwona?" afisa akauliza.

"Nina video."

"Ulete kwa flashi."

"Iko hapa kwa simu, afande, tazama tu."

Akatazama. Akarudisha nyuma akatazama tena. Akamwita mwenzake. Wakatazama wawili, kisha watatu.

"Na huyu anayemshikia tochi ni mwizi wa pili?"

"Huyo ni soja wetu."

Afisa akanirudishia simu polepole, kama mtu anayekurudishia picha ya marehemu. Akaandika. Nimepewa namba ya OB, abstrakti nikaambiwa nipitie Jumatatu.

Kufika nyumbani nikakuta video imenitangulia. Brayo aliiweka kwenye kundi la WhatsApp la korti yetu, yaani nyumba zetu za geti moja, na kundi lilikuwa linawaka. Swali: soja afutwe au asifutwe? Waliopiga kelele zaidi kwamba afutwe ni wa nyumba namba 17, ambao hawajatoa elfu yao ya ulinzi tangu miezi mitatu iliyopita, kwa hiyo kusema kweli wanataka kumfuta mtu waliyekwisha kumfuta. Mama Kevo, ambaye ndiye mwenye kundi, akaitisha kura. Korti yetu ina nyumba 24. Kura zikafika 31.

Hapo ndipo Baba Shiro wa nyumba namba 9 akaandika kwa herufi kubwa: FUNGUENI SEVA!

Huyo Baba Shiro hajapona tangu 2017. Mwaka ule Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake, zisifunguliwe kama ilivyoamriwa, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Tangu hapo kila jambo kwake ni seva. Nyama ya harambee ikipungua, fungueni seva. Mwaka 2022 nilidhani amepata dawa, maana fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, ziliwekwa kwenye tovuti ya tume kila mwananchi ajijumlishie, vituo zaidi ya 46,000. Tulikaa kwake na kalkuleta na sahani ya karanga. Tulifika kituo cha 112 tukalala kwenye kochi, na mpaka kesho anasema kama si usingizi ule angekuwa na matokeo yake mwenyewe.

Sasa seva ya korti yetu ni simu ya Mama Kevo. Akajibu kwamba simu yake haifunguliwi na mtu, ina mambo yake ya chama na ya nyumbani, na asiyeridhika aende Mahakama ya Juu. Uchunguzi ulifanyika hata hivyo, kwa mdomo, kwenye ngazi za duka. Ikabainika mume na mke kila mmoja alipiga kura yake, na kura moja ilitoka Qatar, kwa binti wa namba 5 ambaye hajalala humu korti miaka miwili, lakini ana maoni kuhusu soja.

Baba Shiro hakuishia hapo. Akapendekeza geti la alama za vidole. Kila mkazi aweke vidole, mgeni aweke vidole, muuza maziwa aweke vidole. Mimi kwa kawaida kwenye kundi hilo huweka vidole gumba tu, lakini siku hiyo niliandika. Nikamwambia Baba Shiro, mwaka 2019 nilipanga foleni ya Huduma Namba, ule usajili wa kitambulisho kipya cha kidijitali, kuanzia saa moja asubuhi, nikapigwa picha, vidole vyote kumi vikachukuliwa, nikageuzwa mikono kama mahindi ya kuchoma. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria, maana haikupimwa kwanza athari yake kwa siri za watu. Vidole vyangu havijarudishwa. Sasa seti nyingine ikakae kwenye simu ya Mama Kevo?

Mama Kevo akanitoa kwenye kundi. Brayo akanirudisha.

Wengine wanataka waya wa umeme juu ya ukuta. Nimewauliza umeme huo ni tokeni za nani, kimya. Na ukuta wenyewe sijui unazuia nini. Bunge lina ukuta mkubwa kuliko wetu, lina polisi wenye bunduki, lina kamera ambazo hazishindwi na paka. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha, 195 kwa 106, na kabla wino haujakauka vijana walikuwa ndani. Watu walikufa siku ile, na hapo mzaha wangu unakoma. Nasema tu kwamba kesho yake rais alitangaza hatautia sahihi, na ukuta haukuwa na mchango wowote katika mazungumzo hayo. Kwetu pia hakuna aliyeruka. Alibisha.

Tukakubaliana, baada ya siku mbili na ujumbe wa sauti wa dakika saba kutoka Qatar, kwamba soja abaki, lakini apewe mafunzo. Mafunzo yenyewe nilipewa mimi niyatoe, kwa kuwa mita iliyoibwa ni yangu. Nikamkalisha kwenye kile kibanda chake, nikamletea chai na andazi, nikamwambia, mzee wangu, reflekta inauzwa kila mahali barabarani, hata kondakta wa matatu ya 58 anayo. Spana inauzwa. Kofia inauzwa. Mtu akija akisema ni wa maji, ni wa stima, ni wa intaneti, hata akisema ni Rais, usifungue. Muulize kitambulisho, muulize ametumwa na nani, nipigie simu. Akawa anatikisa kichwa kwa kila neno. Akaniuliza na tochi je. Nikamwambia tochi usimwashie mtu.

Mama Brayo ameshanunua maji ya mkokoteni siku tatu sasa, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 30, na kila mtungi ukimwagwa kwenye pipa ananitazama mimi, si muuza maji. Jumamosi nilibembeleza huko ofisini kwa wenye maji bila abstrakti, nikaacha namba ya OB, nikalipia mita mpya ya plastiki ambayo hakuna mwizi anaitaka, nikaahidiwa fundi mchana huo huo. Nikangoja. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Simu haiiti. Nikajiambia ndivyo walivyo.

Magharibi nikatoka nje kunyoosha miguu, nikamkuta soja amesimama wima, kifua mbele, saluti kabisa.

"Baba Brayo, leo nimefanya kazi. Amekuja mwingine."

"Mwingine nani?"

"Wa maji. Mchana kweupe, bila haya! Na reflekta, na kitambulisho cha kubandika kifuani, na mita mpya ndani ya boksi ya kudanganyia watu. Nilitaka kukupigia lakini sina kredito. Nimemfukuza mpaka kule steji."

Akaingia kibandani, akatoka na kitu kimefungwa kwa gazeti, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hata spana nimemnyang'anya."