Bastola ya Mjomba, Bunduki ya Mfugaji

Mjomba wangu ana bastola ya leseni. Ukikaa naye harusini utaijua bila kuambiwa. Wanaume wote wamevua makoti kwa joto la Mombasa, yeye kabaki na lake, na kila akiinuka mkono wa kulia unagusa kiunoni kwanza. Garini hawezi kuiacha, maana gari likivunjwa silaha ikaenda, wa kwanza kuhojiwa ni yeye. Hata biriani haimshuki vizuri.

Siku aliyoporwa alikuwa nayo. Jioni, nje ya geti lake mwenyewe, mkono huu mkate, mkono huu maziwa, anasubiri afunguliwe. Bodaboda ikasimama, vijana wawili wakashuka, kisu kikawa shingoni. Walichukua simu na pochi wakatoweka. Kiunoni hawakumpapasa, na hadi leo hilo ndilo analomshukuria Mungu: kwamba hawakuikuta. Wangeiona, wangeondoka nayo, na pengine wangeijaribu hapohapo.

Kisa cha mtu mmoja hakimalizi mjadala, najua. Nimekitanguliza kwa sababu kila ujambazi unapozidi Kenya huzuka sauti zinazotaka leseni zilegezwe ili raia ajilinde, na wanaozitoa huzungumza kana kwamba bastola huanza kazi pindi inaponunuliwa.

Wana hoja, tena hoja yao nzito kuliko zote ina tarehe: Jumamosi, 21 Septemba 2013. Magaidi wa al-Shabaab walipovamia jengo la Westgate, Nairobi, na kuanza kuua wanunuzi, vikosi maalumu vilichelewa. Miongoni mwa walioingia mapema kuwatoa watu walikuwa polisi wachache waliovaa kiraia pamoja na raia wenye silaha za leseni. Abdul Haji, ambaye miaka ya baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, alikimbilia huko na bastola yake baada ya ndugu yake aliyenaswa ndani kumtumia ujumbe wa simu. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilizunguka dunia nzima. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile, na wapo walio hai leo kwa sababu kuna raia aliyekuwa na silaha na akathubutu. Anayepinga leseni akiliruka hili hajajibu kitu.

Ila Westgate ileile ina upande wa pili. Katika mkanganyiko wa siku hiyo, afisa wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, alipigwa risasi akafa, na ikaripotiwa kuwa risasi hiyo ilitoka kwa wanajeshi waliokuwa wamekuja kusaidia. Ikiwa watu wenye sare na redio walishindwa kutambuana, raia mwenye fulana na bastola mkononi alitofautishwaje na gaidi? Wale mashujaa walikuwa na ujasiri na mafunzo, na walikuwa na bahati pia. Bahati haitolewi pamoja na leseni.

Tena, wengi wetu hatutakutana na Westgate. Tutakutana na lile geti. Mporaji ndiye anayechagua saa, mahali na idadi ya wenzake. Wewe unagundua umeingia vitani wakati vita vimeshakwisha. Nyumbani usiku ndiko watu wanakodhani bastola itafaa zaidi, lakini mwenye leseni anatakiwa aifungie mahali salama. Akiilaza chini ya mto amekiuka masharti, na kawatengea watoto balaa. Akiifungia kwenye sefu, mlango unavunjwa huku yeye anapapasa ufunguo gizani.

Na akiwahi kuishika? Afrika Kusini, alfajiri ya 14 Februari 2013, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akamuua mpenzi wake Reeva Steenkamp. Bastola ilikuwa ya leseni. Utetezi wake ulikuwa kwamba alidhani ni mwizi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji, na hoja yake inastahili kusomwa na kila anayejaza fomu ya leseni: yeyote awaye nyuma ya mlango ule, aliyefyatua lazima aliona kwamba mtu huyo angeweza kufa. Kudhani ni mwizi hakukumwokoa. Nchi hiyohiyo, mwaka 2021, serikali ilichapisha rasimu ya kufuta kujilinda kama sababu ya kupewa silaha. Wapinzani waliijia juu, wakisema huwezi kumnyang'anya mtu kinga yake katika nchi ambayo polisi hawafiki. Hoja hiyo ni ya kweli kabisa, na nitairudia.

Kuna wanaochukua maneno ya Wamarekani kama yalivyo na kuyamwaga huku, haki yangu, haki yangu. Kule ni haki ya kikatiba tangu 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu yao ikaifungamanisha na kujilinda nyumbani. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haina mambo hayo. Unaomba, unaonyesha sababu, unachunguzwa, na ulichopewa kinaweza kuchukuliwa. Swali letu basi ni ruhusa hii apewe nani, na hapo ndipo mimi naanza kukasirika.

Tazama anayeipata. Ni mfanyabiashara, wakili, mbunge. Anakaa nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme, ana bawabu getini, ana mkataba na kampuni ya ulinzi, na akipiga simu kituoni jina lake linajulikana. Fomu zenyewe zinamfaa mtu wa namna hiyo, kwani ndiye anayeweza kununua bastola, sefu na muda wa kufuatilia. Mama anayefungua kibanda chake gengeni saa kumi na moja alfajiri, anayeporwa kila wiki, hayumo kabisa katika mjadala huu. Tumejenga utaratibu unaomwongezea kinga yule aliyekwisha kulindwa, kisha tunauita usalama wa raia.

Sasa nenda kaskazini. Bonde la Kerio, Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Samburu. Huko polisi wanaweza kuwa umbali wa saa nzima au zaidi kwa gari, barabara ikipitika, na wezi wa mifugo wanakuja na AK-47. Mtu akinyang'anywa mbuzi wake wote amenyang'anywa karo, mahari na chakula cha mwaka. Novemba 2012, huko Baragoi, maafisa wa polisi zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakiwafuata wezi wa mifugo katika bonde la Suguta. Kama hayo yaliwapata polisi, mchungaji mwenye fimbo umwambie nini? Umwambie apige simu?

Serikali yenyewe ilishakubali hoja hii zamani. Ndiyo maana kukawa na polisi wa akiba: wanakijiji waliopewa bunduki za serikali kulinda maboma yao, bila mshahara. Ikatokea iliyotarajiwa. Bunduki iliyotolewa kulinda ng'ombe ikatumika pengine kuwachukua wa jirani, risasi zikauzwa, mwenye bunduki akawa mkubwa kuliko chifu. Mwaka 2019 nyingi zikakusanywa, na wakazi wakalalamika kwamba wameachwa uchi, kwa kuwa majirani zao wenye silaha haramu hawakuguswa. Miaka michache baadaye serikali ikarudi kuwaajiri wengine.

Karamoja, ng'ambo ya mpaka Uganda, walishaonja hayo. Usalimishaji wa silaha ulioanza mwishoni mwa 2001 haukwenda kwa usawa, na jamii zilizotoa bunduki zilivamiwa na zile zilizobaki nazo. Waliotii ndio walioibiwa. Watu wakajifunza somo, wakatafuta nyingine. Kwa hiyo naposikia mtu wa Nairobi akisema suluhisho ni kuwapokonya tu, najua hajawahi kulala boma ambalo jirani yake hakupokonywa.

Utafiti wa Small Arms Survey, taasisi ya kimataifa inayofuatilia silaha ndogo, ulikadiria silaha zilizo mikononi mwa raia wa Kenya mwaka 2017 kuwa takriban 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa sehemu ndogo mno. Mapambano yetu yote kuhusu leseni, uhakiki mpya ulioamriwa mwishoni mwa 2018, vyeti vya kisasa, ni juu ya kile kijisehemu. Nao una maana, sikatai: bastola za leseni zimeonekana baa na kwenye mikutano ya siasa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akijilinda na lolote. Ila mzigo mkubwa uko kwingine.

Msimamo wangu, kwa hiyo, hauwapendezi wa upande wowote. Kwa mkazi wa mjini ningekaza leseni zaidi ya zilivyo: mafunzo ya kweli kila mwaka, na atakayekutwa nayo amelewa asiione tena. Kwa mfugaji wa mpakani nisingegusa bunduki ya mtu mmoja kabla ya ya jirani yake kuguswa siku hiyohiyo. Februari 2023 wanajeshi walipopelekwa kaunti sita katika Operesheni Maliza Uhalifu, wakazi walipewa siku chache wasalimishe silaha, na wengi walikaa kimya wakisubiri nani ataanza. Walikuwa na akili zao. Polisi wa akiba nao walipwe mshahara, bunduki ziwe na namba, na risasi zihesabiwe kila mwezi mbele ya watu wa kijiji, kwa sababu hao ndio wanaojua iliyokosekana imekwenda kwa nani.

Mjomba naye? Juzi nilimuuliza kwa nini asiirudishe tu, akapumzika, akavua koti kama wenzake. Akaniambia mwanangu, nikiirudisha watu watajua sina. Nikamkumbusha kwamba siku ile getini alichoshukuru ni watu kutojua kwamba anayo. Akacheka, akagusa kiuno, akaomba maji ya kunywa.