Jamaika haiishii kwenye geti la hoteli

Mtu anatua Montego Bay, anapokewa na basi dogo la hoteli, anavishwa bangili ya plastiki ya kuonyesha kwamba kila kitu kimeshalipiwa, halafu wiki nzima anakula, anakunywa na kuogelea ndani ya ukuta. Siku ya kuondoka basi lile lile linamrudisha uwanjani. Akifika kwake anatuonyesha picha na kusema ameiona Jamaika. Mimi nasema kaiona hoteli, tena hoteli ambayo ungeihamishia Cancún ya Meksiko au Punta Cana ya Jamhuri ya Dominika mgeni asingejua.

Simlaumu aliyechoka na kazi akataka kulala ufukweni bila kuwaza bei ya chakula. Likizo yake, pesa zake. Ninachobishana nacho ni ile dhana kwamba ukitoa miji ya watalii, Montego Bay, Negril na Ocho Rios, kilichobaki ni miji "isiyojulikana", inayomsubiri mgeni jasiri aje kuigundua. Haijulikani na nani? Maelfu ya watu wamezaliwa humo, wamesoma humo na wanazikana humo.

Chukua Port Antonio, makao makuu ya parokia ya Portland, kaskazini mashariki (parokia huko ni kama mkoa, si ya kanisa). Ukisoma wanavyouandika siku hizi utadhani mji huo umeibuka juzi. Kumbe utalii wa Jamaika ulianzia huko huko, na ulianza kwa ndizi. Miaka ya 1870 nahodha Mmarekani, Lorenzo Dow Baker, alianza kuchukua ndizi za Jamaika kwenda kuuza kwao. Biashara ikanoga. Mwaka 1885 ikazaliwa Boston Fruit Company, na mwaka 1899 ikaungana na wengine kuwa United Fruit, jina ambalo Amerika ya Kati hawalikumbuki kwa wema. Sasa meli zinakwenda kaskazini zimejaa mikungu. Kurudi zirudi tupu? Baker akaanza kupakia Wamarekani wanaokimbia baridi, akawajengea hoteli kwenye rasi ya Titchfield. Usiku wapagazi, wanawake kwa wanaume, walipandisha mikungu melini kichwani huku karani akihesabu. Mchana wageni walikaa barazani wakipunga upepo.

Baadaye ugonjwa wa Panama ukaishambulia migomba. Mwaka 1947 uwanja wa ndege wa Montego Bay ukafunguliwa, na watalii wakafuata ndege. Portland nayo ina mvua kuliko parokia zote: upepo wa baharini unagonga Blue Mountains, ambazo kilele chake kina mita 2,256, na maji yote yanamwagika upande huu. Mwenye hoteli anayeuza jua hawezi kupapenda. Kwa hiyo huo si mji uliojificha, ni mji ulioachwa, na walioutafuta wanaufahamu miaka yote. Mwigizaji Errol Flynn alihamia huko miaka ya 1940 akanunua kisiwa kizima mbele ya bandari. Yeye ndiye anayetajwa kuwapa wageni hamu ya kupanda vyelezo vya mianzi kwenye mto Rio Grande, vyombo vilivyokuwa vya kushusha ndizi kutoka mashambani.

Leo ukifika unakuta bandari mbili na rasi katikati, na nyumba za mbao zenye nakshi zilizochunika rangi. Sekondari ya Titchfield imo ndani ya eneo la ngome ya zamani ya Waingereza, na mizinga bado ipo. Ukipanda milimani unafika Moore Town, kijiji cha Wamaroon, wazao wa watumwa waliotoroka mashamba na kupigana na Waingereza mpaka mikataba ya amani ikasainiwa mwaka 1739 na 1740. Kiongozi wao, Nanny, ndiye yule mama aliye kwenye noti ya dola 500 za Jamaika. Watu wanalipia nauli kwa uso wake kila siku, na mtalii wa bangili anaweza kumaliza wiki asiiguse noti hiyo hata mara moja.

Nauli zenyewe ni za teksi za njia, zenye namba nyekundu. Unalipia kiti, gari halitoki mpaka lijae, na kujaa ni kwa kipimo cha dereva. Nilicheka nilipoona gari lenyewe: Probox, mtumba wa Japani, usukani kulia, ile ile inayokimbiza mirungi Kenya na kupiga mchomoko Arusha na Moshi. Ukiingia unawasalimia wote waliomo. Ukijikalia kimya unaonekana umekosa malezi, jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa.

Panda moja hadi Boston, mashariki ya mji. Hapa ndipo wanapopahesabu kuwa nyumbani kwa jerk, nyama iliyolowekwa viungo vikali na kuchomwa kwa moshi. Nilisimama kwenye banda moja kumwangalia fundi. Makaa yako chini, juu yake kapanga vijiti vya mti wa pimento, juu ya vijiti nguruwe na kuku, juu yao mabati yaliyopindapinda kwa moto. Akiinua bati moshi unatoka mzito, wenye harufu ya karafuu na mdalasini ingawa hakuna karafuu wala mdalasini mle. Ni huo pimento. Nyama imelowekwa kwenye pilipili za jamii ya pilipili mbuzi zetu, majani ya kitunguu na zaatari. Inawekwa juu ya gogo, inakatwa kwa panga, tap tap tap, inafungwa kwenye karatasi. Pembeni, kwenye makaa yale yale, shelisheli limechomwa mzima mpaka ganda limekuwa jeusi. Mtu wa Pemba angekaa hapo jioni nzima. Hotelini nako kuna "usiku wa jerk". Ni kuku wa oveni aliyemwagiwa mchuzi wa chupa.

Hapo ufukweni Boston wenyeji wanaogelea, na hilo si jambo dogo. Sheria ya fukwe ya mwaka 1956, iliyotungwa kabla ya uhuru, haimpi Mjamaika haki ya jumla ya kufika baharini, na hoteli zinapozidi kujengwa geti nazo zinazidi. Wanaharakati wamepeleka kesi mahakamani, mojawapo ikihusu Blue Lagoon, karibu na hapo hapo Port Antonio. Mtoto wa kisiwani anakatazwa bahari! Kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko mandhari yoyote: pesa yangu ya likizo isiende kuongeza ukuta.

Lakini nisidanganye kwamba mji ukitembelewa tu basi umenufaika. Falmouth, upande wa kaskazini, ulianzishwa mwaka 1769 na ukatajirika kwa sukari. Una majengo ya zamani ya kupendeza, na kanisa la Kibaptisti la mmisionari William Knibb, ambako mwaka 1838, utumwa ulipokoma kabisa, waumini walizika minyororo kwenye jeneza. Mwaka 2011 ikafunguliwa bandari ya meli za utalii, meli ndefu kuliko mitaa yenyewe. Abiria wanashuka, wanazunguka kwenye maduka ya ndani ya uzio, wengine wanapanda basi kwenda kuona maporomoko parokia nyingine, kisha wanarudi melini. Wachuuzi wa mjini wamelalamika miaka yote. Ukishuka hapo, vuka uzio uende Water Square, uwanja wa katikati ya mji, kwa miguu. Ni mwendo mfupi sana.

Kusini nako ndiko kunakohitaji mgeni mwenye akili kuliko kote sasa. Treasure Beach ilipigwa na kimbunga Beryl Julai 2024. Tarehe 28 Oktoba 2025 Melissa, kimbunga cha daraja la 5, kikatua kusini magharibi na kuuvunjavunja mji wa Black River, ule uliojivunia kuwasha umeme mwaka 1893 na ambao bandari yake iliipokea meli ya Zong mwaka 1781, baada ya mabaharia kuwatosa Waafrika baharini ili kudai bima. Usiende huko kupiga picha za mapaa yaliyong'oka. Uliza kwanza nyumba gani ya wageni imefungua, lala hapo, kula kwa mama anayepika jirani, nunua kamba wa pilipili barabarani Middle Quarters kama wauzaji wamerudi.

Asiyependa mvua asiende Portland, na mwenye haraka asipande teksi ya njia. Mwingine yeyote atoke nje ya geti, akiwa na noti ndogondogo. Na ukifika Boston uliza bei kabla panga halijashuka, maana wanapima kwa ratili, si kwa kilo.