Kiti cha Profesa Schwartz kilikuwa cha nani?

Julai 1933, profesa wa tiba aliyefukuzwa Ujerumani kwa sababu ya Uyahudi wake aliingia katika ofisi ya Waziri wa Elimu wa Uturuki mjini Ankara akiwa na faili la majina ya wenzake waliofukuzwa kama yeye. Alipotoka, takriban viti 30 vya uprofesa vilikuwa vimepata watu. Philipp Schwartz hakuwa mwanasiasa wala balozi. Alikuwa mwanapatholojia wa Frankfurt, mzaliwa wa mji ambao leo uko Serbia, na sifa yake ilitokana na kuchunguza maiti za watoto wachanga ili kujua namna ubongo unavyoumia mtoto anapozaliwa.

Kisa chake husimuliwa mara nyingi kama kisa cha uokozi: Wanazi walifukuza, Uturuki ikapokea. Wapo pia wanaokisoma kwa ukali zaidi. Kwao, Uturuki ilijipatia wataalamu wa daraja la kwanza kwa bei nafuu wakati wenyewe hawana pa kwenda, na ili kuwapa nafasi ikawatupa nje walimu wake. Kila upande una hoja, na hoja nzito kuliko zote ni ile ambayo sherehe za kumbukumbu huipita haraka.

Tuanze Frankfurt. Machi 1933 Schwartz alikimbilia Zurich, kwa baba mkwe wake. Tarehe 7 Aprili ikatoka sheria yenye jina la kistaarabu, ya "kurejesha utumishi wa umma", iliyoruhusu kuwaondoa kazini watumishi wasio "Waaria". Kwa kuwa maprofesa Ujerumani walikuwa watumishi wa serikali, vyuo vikuu viliguswa mara moja. Babu au bibi mmoja Myahudi alitosha kumtia mtu hatiani. Waliopigana mstari wa mbele katika Vita vya Kwanza vya Dunia walibakizwa kwa muda, hadi sheria za 1935 zilipowaondoa na wao. Jambo la kutazama hapa ni jinsi kazi hiyo ilivyofanyika bila kelele. Hakukuwa na haja ya askari kwenye kila mlango wa hospitali. Barua ilitosha, na nyuma ya kila kiti kilichobaki wazi kulikuwa na daktari mdogo aliyekuwa amengoja cheo kwa miaka. Hawakukosekana wakubwa waliosikitika faraghani. Waliosema hadharani walikuwa wachache mno.

Zurich, Schwartz aliunda jumuiya ya kuwatafutia kazi wanasayansi waliofukuzwa. Bahati ikamkuta. Profesa Albert Malche wa Geneva alikuwa ameajiriwa na serikali ya Uturuki kuikagua taasisi ya zamani ya elimu ya juu mjini Istanbul, Darülfünun, na mwaka 1932 alikuwa ametoa ripoti iliyotaka mageuzi makubwa. Uturuki ilitafuta walimu, Schwartz alikuwa nao. Mkutano wa Ankara, tarehe 6 Julai, ulichukua saa nyingi, kiti kimoja baada ya kingine, jina moja baada ya jingine. Waziri Reşit Galip alikuwa daktari pia, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa tofauti ya mfiziolojia na mwanapatholojia. Schwartz alisimulia baadaye kwamba waziri aliufananisha mpango huo na wanazuoni walioihama Konstantinopoli ilipotekwa mwaka 1453 wakaenda Italia: sasa, alisema, Ulaya inalipa deni.

Waliokwenda hawakuwa watu wa kubahatisha. Kulikuwa na Rudolf Nissen, mpasuaji kutoka Berlin, Erich Frank wa Breslau katika magonjwa ya ndani, na Joseph Igersheimer katika macho. Alfred Kantorowicz wa Bonn, profesa wa meno, alikuwa kifungoni mwa Wanazi, akaachiwa baada ya Uturuki kumwombea. Mtu anayesema mpango huu ulikuwa biashara tupu amjibu Kantorowicz kwanza.

Lakini biashara ilikuwemo, na masharti yake yaliandikwa. Mikataba ilikuwa ya miaka michache, si ya maisha. Profesa alitakiwa kufundisha kwa mkalimani mwanzoni, kisha ndani ya miaka mitatu hivi ahamie Kituruki, na aandike vitabu vya kiada vitakavyotoka kwa lugha hiyo. (Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulitazama sharti hilo kwa wivu kidogo.) Kwa upande wake alilipwa mshahara uliozidi mara kadhaa ule wa mwenzake Mturuki, jambo lililozaa manung'uniko tangu mwaka wa kwanza. Mimi sioni aibu katika masharti hayo. Mkimbizi anayepewa kazi ya kweli na kutakiwa matokeo ya kweli anaheshimiwa kuliko anayepewa posho na kusahauliwa, na serikali inayojua faida yake ina sababu ya kutimiza ahadi hata waziri akiondoka. Galip mwenyewe alijiuzulu wiki chache baadaye na kufariki mwaka uliofuata. Mpango haukufa naye.

Sasa ile hoja nzito. Darülfünun ilifungwa tarehe 31 Julai 1933, na kesho yake Chuo Kikuu cha Istanbul kikaanza. Kwa hesabu inayotajwa sana, kati ya walimu 240 wa taasisi ya zamani, 157 hawakurudishwa. Baadhi walikuwa wamezembea kweli, kama ripoti ya Malche ilivyodokeza. Ila waziri hakuishia kwenye uzembe. Aliilaumu Darülfünun hadharani kwa kukaa pembeni wakati taifa likifanya mapinduzi yake ya siasa, lugha na historia. Kwa maneno mengine, kosa mojawapo lilikuwa kutoshangilia vya kutosha. Hivyo watu waliofukuzwa na serikali moja kwa sababu ya damu yao walikalia viti vya watu waliofukuzwa na serikali nyingine, baadhi yao kwa sababu ya msimamo wao.

Je, Schwartz alishiriki dhuluma? Tarehe zinamtetea. Sheria ya kuifuta Darülfünun ilipitishwa mwisho wa Mei, wiki tano kabla hajafika Ankara. Angekataa, wale 157 wasingerudi, na wenzake 30 wangebaki bila kazi, wengine mikononi mwa Hitler. Wala mizani haiko sawa: mwalimu wa Istanbul alipoteza cheo, Kantorowicz angeweza kupoteza uhai. Pamoja na hayo, utetezi wa tarehe haufuti deni. Unahamisha tu mdaiwa kutoka kwa Schwartz kwenda kwa dola iliyomwajiri, na kwetu tunaosimulia habari hii bila kuwataja waliompisha.

Wakosoaji wana ushahidi mwingine, tena mchungu zaidi. Mlango uliofunguliwa kwa profesa haukufunguliwa kwa kila Myahudi. Mwishoni mwa 1941 meli Struma, iliyobeba wakimbizi zaidi ya 760 kutoka Romania, ilitia nanga Istanbul injini ikiwa mbovu. Uingereza haikutaka wafike Palestina, Uturuki haikutaka washuke. Baada ya wiki kumi hivi meli ilikokotwa hadi Bahari Nyeusi na kuachwa, na tarehe 24 Februari 1942 nyambizi ya Kisovieti ikaizamisha. Aliyenusurika alikuwa mmoja. Wakati huohuo, katika jiji hilohilo, Schwartz alikuwa akiongoza idara yake ya patholojia. Hapo neno "uokozi" linahitaji mipaka: Uturuki iliokoa iliowahitaji. Nchi nyingine nyingi, zilizo tajiri kuliko Uturuki, hazikufanya hata hilo.

Lawama yangu kubwa naipeleka Frankfurt. Istanbul ya 1933 ilikuwa na haraka na ina uhaba, Frankfurt ya miaka ya 1950 haikuwa na kisingizio hicho. Schwartz alikuwa amehamia Marekani, akifanya utafiti katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Pennsylvania, alipotaka kurudi kwenye kiti chake. Mwaka 1957 alitambuliwa kwa cheo, lakini kufundisha akakataliwa: umri umepita. Alikuwa na miaka 63. Chuo kilichompotezea miaka kilitumia miaka hiyohiyo kumfungia mlango. Aliendelea na utafiti wake Marekani, akafariki Florida mwaka 1977.

Leo Ujerumani ina mpango wenye jina lake, ulioanzishwa mwaka 2015 na Wakfu wa Alexander von Humboldt pamoja na Wizara ya Mambo ya Nje, wa kuwapokea watafiti wanaotishiwa kwao. Miongoni mwa walionufaika mapema ni wasomi wa Kituruki waliofukuzwa vyuoni mwao kuanzia 2016. Wengi wameona duara limekamilika. Mimi naangalia muda wa ufadhili: miaka miwili, kisha huenda mmoja wa nyongeza. Mkataba wa Schwartz ulikuwa mfupi pia, ila mbele yake kulikuwa na kiti kilichomhitaji kwa takriban miaka 20.