Binti wa chuo asiyekula: maradhi ya kigeni au ya kwetu?

Anapotajwa mwanafunzi wa kike anayejinyima chakula kwa makusudi, au anayekula kwa siri bila kuweza kujizuia kisha akajitapisha, wengi hapa Tabora husema kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu na ya watu walioshiba. Kauli hiyo haistahili kubezwa, kwa sababu imetokana na maisha tunayoyaona. Kwetu mwanamke aliyenenepa husifiwa kwamba anatunzwa, na anayekonda huulizwa anaumwa nini. Kwa miaka mingi kukonda kumehusishwa na Ukimwi, na hakuna binti anayependa kunong'onwa hivyo. Isitoshe, mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani, ambaye fedha zake za kujikimu zimechelewa, hupiga pasi ndefu, yaani husogeza mlo mmoja hadi alasiri ili uwe wa mchana na wa usiku. Huyo haogopi unene. Hana fedha, na pengine anaishi kwa michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyotumiwa na mama yake kutoka kijijini.

Utafiti nao unaipa hoja hii uzito. Nchini Afrika Kusini, hojaji zilizotungwa katika nchi za Magharibi ziliwahi kuonyesha kwamba wasichana Weusi wana dalili nyingi za matatizo ya ulaji. Watafiti walipokaa na baadhi ya wasichana wa familia maskini na kuzungumza nao ana kwa ana, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2004, walibaini kwamba majibu mengi yalitokana na ufukara. Anayeulizwa kama mawazo yake yako kwenye chakula muda wote atajibu ndiyo ikiwa chakula chenyewe hakipo. Kwa hiyo anayetaka kuchukua hojaji hizo na kuzigawa katika vyuo vya Tabora au Kigoma bila kuzichuja atarudi na wagonjwa ambao si wagonjwa.

Lakini mwaka huohuo wa 2004 ulichapishwa utafiti mwingine, wa Ghana, ambao mimi naona ndio unaotuhusu zaidi. Wanafunzi wa kike 668 wa sekondari walipimwa, na 29 kati yao walikuwa wamekonda kupita kiasi. Kumi walionekana wamefikia hali hiyo kwa kujinyima chakula wenyewe. Hawakusema wanataka wembamba wa wanamitindo. Walizungumzia kujitawala, maadili na kufunga kwa ajili ya dini. Katika mji kama Tabora, ambako misikiti na makanisa yako bega kwa bega na maombi ya kufunga ni jambo la heshima, nani angemtilia shaka binti anayeendelea kufunga wiki kadhaa baada ya Kwaresima kwisha, au anayesema analipa siku za Ramadhani zisizokwisha? Sisemi hata kidogo kwamba ibada ni ugonjwa. Ninachosema ni kwamba anayeumwa anaweza kujificha ndani ya jambo jema, na sisi tukampongeza.

Kuna pia ushahidi kutoka Marekani, ambako wanafunzi wa kike Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini ni wachache vyuoni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, wataalamu wa afya ya akili walipewa maelezo yaleyale ya ulaji wa msichana mmoja, kilichobadilishwa kikiwa asili yake tu. Alipoelezwa kuwa Mzungu, asilimia 44 waliona kwamba ulaji wake una tatizo; alipoelezwa kuwa Mweusi, ni asilimia 17 tu. Binti wa Kinyamwezi au wa Kiha si wa jamii ya wachache akiwa nyumbani, na kwa hilo hali yake si sawa na ya wale wa Marekani. Hata hivyo anashiriki nao jambo moja: sura ya mgonjwa iliyomo vichwani mwa watu, pamoja na vichwa vya matabibu, si sura yake. Akifika zahanati amedhoofu atapimwa malaria, taifodi na mimba, kisha ataambiwa ana vidonda vya tumbo.

Wanaotetea utamaduni wetu kama ngao wanapaswa pia kukumbuka Fiji, nchi iliyokuwa ikisifu miili minene kama sisi. Televisheni ilifika katika eneo moja la nchi hiyo mwaka 1995, na miaka mitatu baadaye asilimia 11.3 ya wasichana wa shule waliohojiwa walisema wamejitapisha ili kupunguza uzito, ilhali mwanzoni hakuna hata mmoja aliyesema hivyo. Leo simu iko mkononi mwa kila mwanafunzi, na inamtaka awe na kiuno chembamba na makalio makubwa kwa wakati mmoja. Chai za kukata tumbo na dawa za kuongeza shepu zinatangazwa kwa mtu yuleyule.

Kwa hiyo naelemea upande wa wanaosema tatizo lipo, kwa sharti kwamba tusilitafute kwa macho. Anayejitapisha mara kwa mara anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa huku potasiamu ikishuka mwilini hadi mapigo ya moyo yavurugike. Matroni wa bweni au mlezi wa wanafunzi anayemwona binti akikwepa mlo aanze kwa kumuuliza kama ana fedha ya kula; ikiwa hana, tiba yake ni chakula, si ushauri nasaha. Ikiwa anayo, aulizwe anahisi nini baada ya kula, na kama amefunga, tangu lini na hadi lini. Na akihitaji kupelekwa kwa mtaalamu asitajiwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, kwa sauti ya kutisha, maana binti aliyeogopeshwa hivyo hatajibu swali la pili.