Fildi ya benki au fildi ya fotokopi?

Wiki ya 6 sasa niko fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, benki, na kitu pekee nilichobobea ni kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye mashine ya fotokopi. Mfumo siruhusiwi kuugusa. Sawa, hilo naelewa: ni fedha za watu, tena hata karani mwenyewe akifanya muamala mkubwa lazima uidhinishwe na mwingine. Lakini kutazama tu nako dhambi? Nikiuliza maombi ya mkopo yanachambuliwaje, najibiwa, "Dogo, malizia kwanza kupanga yale mafaili." Na tai nimefunga, jamani! Halafu jioni nijaze kitabu cha chuo: leo umejifunza nini? Niandike nini, kwamba stepla ya dirisha namba 3 inauma vidole?