Msichana Naye Apewe Spana

Kila mjadala wa uchache wa wanawake katika uhandisi ukianza, lawama huangukia hesabu na fizikia: eti wasichana wanaziogopa. Mimi siliamini hilo. Hapa Mombasa wasichana wanasomea umeme, mitambo na ujenzi pale chuo kikuu cha kiufundi, Tudor, na wanafaulu. Tunakowapoteza ni karakanani, wakati wa atachimenti, yale mafunzo ya kazini ambayo chuo humpeleka mwanafunzi.

Mpwa wangu alipelekwa karakana moja ya mitambo hapa mjini. Wavulana aliokwenda nao walipewa spana siku hiyohiyo, wakafungue pampu. Yeye fundi mkuu akamwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, huku kuna grisi. Kaa ofisini utusaidie na makaratasi." Ovaroli aliyopewa ilikuwa ya mwanamume wa miraba minne, mikono inaning'inia, na kwenye mashine inayozunguka hiyo ni hatari. Choo cha wanawake hakikuwapo. Ilibidi avuke barabara akaombe kwenye mkahawa. Alipomaliza, kitabu chake cha atachimenti kilikuwa kimejaa habari za mafaili na stoo.

Upole ule ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu fundi yule aliamini anamstahi. Kumbe anamfungia mlango. Kenya, ili usajiliwe kuwa mhandisi kamili, shahada pekee haitoshi. Unatakiwa uwe na angalau miaka 3 ya kazi ya uhandisi baada ya kuhitimu. Na nani atamwajiri mtu ambaye hajawahi kufungua pampu?

Nikisema haya, naambiwa nimtazame Kapteni Elizabeth Marami, mwanamke wa kwanza nchini kuwa rubani wa meli, kazi ya kuongoza meli kubwa kuingia na kutoka bandarini. Namtazama, tena kwa fahari kubwa. Lakini tusimfanye kisingizio cha kuwasahau wanaomfuata.

Zamu ya usiku nayo ina yake. Mzazi wa Likoni akikataa bintiye avuke feri peke yake usiku wa manane, simlaumu. Kampuni itoe gari.

Wahadhiri wanaokwenda kukagua atachimenti wasitosheke na saini na mhuri. Wamwite msichana kando wamuulize: umefungua nini, umefunga nini, nani alikuonyesha? Akijibu kwamba yuko ofisini, wazungumze na fundi mkuu papo hapo, na asipobadilika, chuo kisimpelekee mwanafunzi mwingine.