Kiti Kilishuka, Mimi Nikabaki

Jioni kabla ya kufika Santorini, kisiwa cha Ugiriki, spika za meli zilitangaza kwamba kesho abiria watashuka kwa tenda. Nikamwuliza mke wangu ni tenda ya nini, na nani kaitangaza. Kwangu mimi tenda ni bahasha tatu zenye lakiri na mtu mmoja anayejua mapema nani atashinda.

Kumbe ni boti. Meli ya kitalii isipopata gati la kuitosha hubaki nje, na watu huvushwa kwa vyombo vidogo. Mara nyingi ni zile boti za kuokolea zinazoning'inia ubavuni mwa meli yenyewe. Santorini huja boti za wenyeji. Hata nanga pale ni shida, maana kisiwa kimekaa ukingoni mwa shimo la volkano lililojaa bahari, kina chake ni mamia ya mita. Kikumbukeni kina hicho, nacho kina habari yake mbele.

Mimi nyonga yangu ya kulia ni ya chuma. Kwa fimbo naenda hatua mia hivi, zikizidi hapo nakaa kwenye kiti cha magurudumu na mke wangu anasukuma. Kinachoniuma ni kwamba tulifuata utaratibu wote. Usiku uleule tulijiandikisha dawatini. Kiti chetu ni cha kukunja, kilo 15, kikapita. Vile vya betri walivikataa: kimoja kinaweza kuwa na uzito wa mtu mzima, na hakuna baharia wa kukipokeza mwenzake juu ya maji. Kisha nikapewa mtihani. Afisa alibandika mistari miwili ya utepe kwenye zulia, kiasi cha sentimita 45 kati yake, akaniambia nivuke bila kushika ukuta. Nikavuka. Nikarudia kwa madaha, bila kuombwa. Lakini zulia halina mawimbi.

Asubuhi tulichukua zamu ya mapema. Bahari ile karibu haijui kujaa wala kupwa. Kinachosumbua ni upepo wa kaskazini wa kiangazi, meltemi, ambao mara nyingi huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda, na mawimbi yanayoachwa na feri zikipita. Penye kupwa na kujaa ni balaa jingine: maji yakitoka, daraja la kutokea kwenye boti kwenda gatini husimama kama ngazi ya kukwelea mnazi.

Lifti ilitushusha, ikaishia juu ya ngazi 11. Hizo hakuna aliyenitajia, na ndizo za kuulizia kwanza, kwa sababu meli nyingine zina kinyanyuo pale na nyingine zina pole tu. Nikashuka nimeshika reli, mguu mbovu ukitangulia. (Kupanda ni kinyume, mguu mzima kwanza.) Chini kulikuwa na mlango uliofunguliwa ubavuni mwa meli, jukwaa la chuma lililolowa, na boti ikipanda na kushuka nusu mita kama inapumua.

Mke wangu akavuka kwanza ili akipokee kiti. Mabaharia wawili wakakikunja, wakakirusha. Hapa nakiri kosa langu: nilichomoa kikanyagio kimoja cha miguu nikakitia mkobani mwa mke wangu, cha pili nikakisahau. Vitu hivi vimepachikwa kwa ndoano tu, ukiinua kiti kwa kukishika hapo vinachomoka. Baharia alishika hapo hapo. Kikanyagio cha kushoto kikagonga ukingo wa jukwaa, kling, kikazama. Wote tuliinama kukitazama, kama kwamba kitajirudi. Kiko huko mpaka leo, ndani ya volkano.

Tukiwa bado tumeinama, feri ikapita. Boti ikaruka juu, ikajibamiza ubavuni, msimamizi akainua mkono: hakuna kuvuka tena. Kamba zikafunguliwa. Kiti kikaondoka, mke wangu kaondoka nacho, pamoja na mkoba, kofia yangu na dawa zangu za maumivu.

"Baba watoto!" akapiga kelele. "Keti!"

Niketi juu ya nini?

Nilikaa juu ya kreti la chupa za maji dakika 40. Kosa letu lilikuwa kutopatana na msimamizi kabla: mtu na kiti ni mzigo mmoja, ama vyote viende ama vyote vibaki, na kiti kisiondoke mkononi mwa meli mpaka mwenyewe awe ukingoni tayari kufuata.

Boti ya pili ilinivusha vizuri, kwa kuwa baharia mzee alinifundisha. Fimbo nimpe yeye. Mpira wake huteleza kwenye chuma chenye maji, na mkono nauhitaji. Tusishikane viganja, tushikane vigasha, yeye changu na mimi chake, maana kiganja chenye jasho hutoka na kigasha hakitoki. Kisha nisubiri. Ukivuka boti ikiwa inashuka, unaanguka kutoka juu na nyonga inalipa. Ukivuka ikiwa inapanda, sakafu inakupiga nyayo na goti linakunja. Kileleni boti husita kidogo sana. "Sasa," akasema, nikapiga hatua, si kuruka, nikakaa kiti cha kwanza karibu na mlango.

Gatini, bandari ya zamani chini ya Fira, kuna njia tatu za kupanda mjini: ngazi zaidi ya 500, punda, au gari la kamba. Mke wangu nilimkuta kwenye foleni ya gari la kamba, mbele kabisa. Amekalia kiti changu. Kikanyagio cha kulia amekirudisha, lakini kwa kuwa cha kushoto hakipo, mguu wake mmoja ulikuwa hauna pa kukaa, akaunyoosha mbele hewani, mgumu kama mwiko. Watu waliompisha walikuwa wanamtazama kwa huruma. Mmoja alikuwa amemshikia mwavuli.

"Inuka," nikamnong'oneza.

"Nikiinuka sasa watatupiga," akajibu.

Basi nikamsukuma. Na niseme ukweli, nilitembea vizuri kuliko na fimbo. Kiti kitupu ukikiegemea mipini hubinuka nyuma. Kikiwa na mtu ndani hutulia, unapata kitu cha kujishikilia pande zote mbili. Tulizunguka Fira nzima hivyo, mimi nikichechemea nyuma, yeye akipokea salamu za pole kwa lugha nne.

Jioni kurudi, baharia mzee yuleyule hakuwepo. Waliokuwepo walikuwa vijana wawili wenye mabega. Walimwona mke wangu na mguu wake, wakaulizana kwa macho, wakamnyanyua yeye na kiti chake, moja, mbili, tatu, wakamtua ndani ya boti kama yai. Fimbo yangu ilikuwa mapajani mwake.

Nikanyoosha kigasha changu nishikwe. Kijana akanisogeza kando kwa adabu.

"Bwana, pita upesi tafadhali," akasema. "Tuna mgonjwa."